Akio Morita: Mzee aliyekuziba masikio ndani ya matatu

Uko kwenye matatu saa kumi na mbili jioni. Dereva amefungulia muziki mpaka viti vinatetemeka, kondakta anagombana na mama mmoja juu ya chenji ya shilingi ishirini, na wewe huna habari. Umejiziba masikio na vile vidude viwili visivyo na waya, uko kwa ulimwengu wako. Hebu nikuulize: ushawahi kuwaza ni nani aliyeanzisha hii tabia ya mtu kujifungia ndani ya muziki wake katikati ya umati?

Najua jibu lako. Utaniambia Steve Jobs na iPod yake. Sikulaumu, hata mimi ningejibu hivyo zamani. Lakini leo nakuletea mzee aliyekufa kabla ya wengi wetu kuzaliwa, mtu ambaye Jobs mwenyewe alimheshimu kama mwanafunzi anavyomheshimu mwalimu. Jina lake ni Akio Morita. Kampuni aliyoijenga unaijua vizuri, maana jina lake limeandikwa kwenye ile PlayStation uliyoipotezea nauli ya wiki nzima. Naam, Sony.

Morita alizaliwa Januari 26, 1921, huko Nagoya, Japani. Kwao hawakuwa watu wa kuhangaika. Ukoo wao ulikuwa umetengeneza sake, ile pombe ya mchele ya Wajapani, kwa zaidi ya miaka mia tatu, pamoja na mchuzi wa soya. Yeye ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa kiume, kwa hivyo hakukuwa na mjadala: biashara ingekuwa yake. Akiwa bado mtoto, babake alikuwa akimkalisha kwenye mikutano ya kampuni ajifunze jinsi wakubwa wanavyoongea na wafanyakazi. We fikiria, wenzako wanacheza mpira nje, wewe umekaa unasikiliza hesabu za mapipa.

Kilichomharibu, kama wazazi wetu wangesema, ni santuri. Mamake alipenda sana muziki wa Ulaya na nyumbani walikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Kisha babake akanunua ile mpya inayotumia umeme. Kijana aliposikia sahani zile zile alizozizoea zikitoa sauti tofauti kabisa, akili yake haikurudi tena kwa mapipa. Akaanza kusoma magazeti ya elektroniki, akajitengenezea redio, akaunda mtambo wa kurekodi sauti yake mwenyewe. Shuleni alama zikaporomoka mpaka akawekwa miongoni mwa walio nyuma kabisa darasani. Alilazimika kusoma kwa mwaka mzima kama mtu aliyerukwa na akili ndipo akapata nafasi, na hatimaye akasomea fizikia katika Chuo Kikuu cha Osaka.

Alimaliza 1944, vita vikiwa vimepamba moto, akaingia jeshi la majini kama afisa. Huko, kwenye kamati ya utafiti wa silaha, akakutana na mhandisi aliyemzidi umri kwa miaka kumi na mitatu, Masaru Ibuka. Wawili hao hawakutengenezi silaha yoyote ya maana, lakini walipatana kama chai na mandazi. Japani iliposhindwa, Ibuka alifungua karakana ndogo Tokyo ndani ya duka kubwa lililoungua kwa mabomu. Mei 7, 1946, karakana hiyo ikawa kampuni rasmi, yenye wafanyakazi kama ishirini hivi. Lakini kabla ya Morita kuingia, ilibidi Ibuka asafiri hadi kwao kuomba ruhusa kwa mzee. Fikiria mtu anaenda kuomba mkono wa kijana wako badala ya binti! Mzee Morita akakubali, mdogo wake Akio akaachiwa pombe, na baadaye mzee huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwakopesha pesa walipokwama.

Na walikwama sana. Moja ya bidhaa za kwanza za Ibuka ilikuwa sufuria ya mbao ya kupika wali kwa umeme, ambayo wali wake ulitoka ama mbichi ama uji. Baadaye walipohamia vibanda vya Gotenyama, mvua ikinyesha walikuwa wanafungua miavuli juu ya meza za kazi. Ukipita mtaani leo ukaona vijana wanatengeneza simu ndani ya kibanda cha mabati, usicheke.

Hapa ndipo hadithi ya ushindani inaanza, na nataka uifuatilie vizuri kwa sababu itajirudia mara tatu.

Mwaka 1953 Morita alisafiri Marekani kutia sahihi leseni ya transista, kale kakifaa kadogo kalichokuja kuchukua nafasi ya taa za kioo ndani ya redio. Leseni iligharimu dola 25,000, na serikali ya Japani ilichelewesha kutoa fedha za kigeni kwa sababu maafisa hawakuamini kikampuni kama hicho kingeweza kazi hiyo. Kwenye safari hiyo hiyo alipitia Ujerumani. Huko Düsseldorf akaagiza aiskrimu, ikaletwa na kamwavuli ka karatasi kamechomekwa juu, na mhudumu kwa nia njema akamweleza kwamba hako kametoka Japani. Morita alikula ile aiskrimu na uchungu. Dunia ilijua nchi yake kwa takataka za kupamba vitamu. Alipofika Eindhoven, Uholanzi, akaona kampuni kubwa ya Philips imekulia katika mji mdogo wa watu wanaoendesha baiskeli, moyo ukamrudia. Kumbuka hilo jina, Philips.

Walitaka wawe wa kwanza duniani kuuza redio ya transista. Hawakuwa. Kampuni ya Kimarekani iitwayo Regency iliwatangulia mwishoni mwa 1954. Redio ya kina Morita ilitoka Agosti 1955. Lakini Regency hawakuendelea kusukuma, wao wakasukuma. Mwaka 1957 wakatoa ndogo zaidi, wakaitangaza kuwa ya kuingia mfukoni. Tatizo ni kwamba haikuingia! Ilikuwa imezidi mfuko wa shati la kawaida kidogo tu. Morita alifanya nini? Akawashonea wauzaji wake mashati yenye mifuko mikubwa zaidi. Mimi nikisoma hapo nilicheka peke yangu kwenye stejini. Huyo angekuwa Nairobi leo angekuwa anauza viatu mtandaoni na picha ziwe safi kuliko viatu vyenyewe.

Lakini usimchukulie kuwa mjanja wa bei rahisi tu. Mwaka 1955 kampuni ya Bulova, iliyovuma kwa saa, ilimpa oda ya redio 100,000. Thamani yake ilizidi mtaji mzima wa kampuni yake. Sharti lilikuwa moja: ziandikwe Bulova. Wenzake Tokyo wakamwambia achukue. Morita akakataa. Yule mnunuzi akamkumbusha kwamba Bulova ni jina la miaka hamsini na hakuna Mmarekani aliyewahi kusikia Sony. Morita akamjibu kwamba miaka hamsini iliyopita hata Bulova hakuna aliyeijua, na kwamba yeye ndio ameanza kuhesabu hamsini yake. Maisha yake yote alisema huo ndio uamuzi bora aliowahi kufanya. Sema ukweli wewe, ungekataa? Mimi, na bili ya stima iliyoko mezani sasa hivi, ningeandika hata jina la nyanyake yule mnunuzi.

Jina Sony lenyewe walilibuni kwa kuchanganya neno la Kilatini la sauti na neno la Kiingereza la kumwita kijana mdogo, kwa sababu jina la zamani, Tokyo Tsushin Kogyo, lilikuwa linawashinda wazungu kutamka. Kampuni nzima ikabadili jina 1958. Miaka mitano baadaye Morita akahamisha mke wake Yoshiko na watoto watatu hadi New York, ili aishi na watu aliotaka kuwauzia.

Kuna jambo moja lazima niliseme, na unajua kwa nini. Mwaka 1966 Morita aliandika kitabu kilichodai kwamba rekodi za masomo si za kumpimia mfanyakazi. Aliagiza faili za wafanyakazi wa Sony zichomwe, ili mkubwa asimpandishe mtu cheo kwa sababu ya chuo alichotoka. Kitabu kiliuzwa kama maandazi. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ambazo si za leo, nilipojua habari hiyo nilimtumia mathe mara moja. Akanijibu kwa kuniuliza kama huyo Morita naye hakuwa na digrii ya fizikia. Nimenyamaza mpaka leo.

Sasa tufike 1979.

Ibuka, wakati huo mzee wa miaka sabini na moja, alikuwa anapenda kusikiliza muziki ndani ya ndege lakini kinasa sauti cha Sony kilikuwa kizito kubeba. Akaomba wahandisi wamtengenezee kitu. Wakachukua kale karekoda kadogo ka waandishi wa habari, kaitwako Pressman, wakatoa sehemu ya kurekodi, wakaweka sauti ya stirio, wakaunganisha hedifoni. Ibuka akampelekea Morita asikilize. Morita akaenda nako nyumbani wikendi, na Jumatatu hakuwa mtu wa kawaida tena. Alikuwa ameona wanawe na vijana wengine wasivyoweza kukaa bila muziki, wakibeba redio kubwa begani hata ufuoni.

Wahandisi na watu wa mauzo hawakukubali. Nani atanunua mashine ya kaseti isiyorekodi? Hilo ndilo lilikuwa swali, na kusema kweli ni swali la haki. Ni kama leo nikuuzie simu isiyopiga. Morita akasema itauzwa, na itoke kabla ya likizo ya wanafunzi, na bei isizidi yeni 33,000 kwa sababu mwanafunzi hana zaidi ya hapo. Watu wa hesabu wakalia. Akawaambia lawama zote zitakuwa zake.

Jina la Walkman hata hakulipenda. Vijana wa kampuni walilichagua yeye akiwa safarini, na aliporudi mabango yalikuwa yameshachapishwa. Nje ya Japani walijaribu majina mengine, Marekani Soundabout, Uingereza Stowaway, Sweden Freestyle. Haikusaidia. Watalii walirudi makwao wakiitisha Walkman, mzee akasalimu amri.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye ile mashine ya kwanza ni matundu yake mawili. Morita aliporudi nayo nyumbani na kuvaa hedifoni, mkewe alikasirika kwa kuachwa nje. Mzee akaona ni ufidhuli mtu kusikiliza peke yake. Akaagiza iwekwe tundu la pili la hedifoni, na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho ukikibonyeza muziki unashuka na unaweza kuongea na mwenzako kupitia maikrofoni ndogo. Umeona? Mtu aliyetuziba masikio alikuwa na wasiwasi kwamba tutaacha kuongea. Wateja hawakujali. Kila mtu alitaka yake peke yake, na baada ya muda kile kitufe na lile tundu la pili vikaondolewa.

Iliingia madukani Julai 1, 1979. Waandishi wa habari walipakiwa kwenye basi hadi bustani ya Yoyogi, kila mmoja akapewa Walkman yenye kanda inayoeleza bidhaa, huku vijana wakiteleza kwa vibao vya magurudumu mbele yao. Julai nzima ziliuzwa kama 3,000 tu, kati ya 30,000 zilizotengenezwa. Vijana wa Sony wakaanza kuzurura Ginza na Shinjuku na kupanda treni za jiji wakiwa wamezivaa, wakiwapa wapita njia wasikilize. Kufikia mwisho wa Agosti hakukuwa na hata moja iliyobaki. Ndani ya miaka kumi walikuwa wameuza milioni 50.

Bila shaka wenzao hawakulala. Toshiba wakaleta Walky, Panasonic na Sanyo wakaingia, na Aiwa wakatoa zao. Hapa kuna kichekesho: Sony wenyewe walikuwa na hisa nyingi zaidi katika Aiwa, kwa hivyo mzee alikuwa anashindana na mtoto wake. Silaha ya Sony ikawa kasi. Mpinzani akinakili ya jana, wao wanatoa nyembamba zaidi, mpaka wakafika karibu na ukubwa wa kasha la kaseti. Mjomba wangu alikuwa na moja ya Aiwa iliyomfikia ikiwa mtumba, na alikuwa anarudisha kanda kwa biro ili asimalize betri. Sisi tulioshuhudia hiyo biro ikizunguka tunajua thamani ya betri mbili.

Lakini kuna mtu mmoja lazima nimtaje, maana simulizi za mashujaa hupenda kumruka. Andreas Pavel, Mjerumani aliyekulia Brazili, alikuwa ametengeneza kifaa chake cha muziki cha kuvaa kiunoni tangu 1972, na 1977 akaomba hataza Italia, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi. Alizungukia kampuni kubwa na hakuna iliyomtaka. Walkman ilipotoka akadai haki yake. Kesi zilimla miaka zaidi ya ishirini, akashindwa Uingereza 1996 na gharama zikamwelemea. Sony walikuja kuelewana naye na kumlipa baada ya Morita kuwa kaburini. Kwa maoni yangu hilo ni doa. Aliyekataa jina lake lifutwe na Bulova alipaswa kuelewa zaidi.

Vita vya video nitavipita haraka. Sony walitoa Betamax 1975, JVC wakaja na VHS mwaka uliofuata, wakagawa teknolojia yao kwa kila aliyeitaka, Sony wakapigwa. Morita alijifunza kwamba kuwa na mashine nzuri hakutoshi, lazima uwe na filamu na nyimbo za kuingiza ndani. Shikilia hapo.

Wakati huo muziki ulikuwa unageuka kuwa namba. Sony na Philips, wale wa Eindhoven, waliacha kupigana wakatengeneza CD pamoja, na ya kwanza kuuzwa ilikuwa ya Sony, Oktoba 1982. Bei ilikuwa ya matajiri. Mkuu wa wahandisi akachonga kipande cha mbao cha sentimita 13.4 kila upande na unene wa sentimita 4, akawaambia vijana wake mashine nzima iingie humo. Miaka miwili baadaye ikatoka D-50, mashine ya dijitali ya kwanza unayoweza kutembea nayo. Waliiuza kwa hasara mwanzoni ili kuvunja soko. Mwaka 1992 urafiki na Philips ukaisha: Sony wakaleta MiniDisc, Philips wakaleta kaseti ya dijitali, na kufikia 1996 ile ya Philips ikawa imezikwa.

Morita, kwa lile funzo la Betamax, alikuwa ameshanunua nyimbo. Mwaka 1988 Sony waliinunua CBS Records kwa dola bilioni 2, na mwaka uliofuata studio za filamu za Columbia kwa dola bilioni 3.4. Sasa mashine na muziki vyote vilikuwa chini ya paa moja. Nani angewaweza?

Novemba 30, 1993, asubuhi, akiwa uwanjani anacheza tenisi, Morita alipatwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 72. Mtu aliyekuwa anazunguka dunia akiongea na marais akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata akajiuzulu uenyekiti. Ibuka, ambaye naye alikuwa mgonjwa, akafa Desemba 1997.

Na ni katika miaka hiyo ya ukimya wake ambapo MP3 ilibisha hodi. Wakorea wa SaeHan walitoa MPMan 1998. Wamarekani wa Diamond wakatoa Rio mwaka huo huo, na kampuni za muziki za Marekani zikakimbia kortini kuizuia. Juni 1999 zikashindwa. Njia ilikuwa wazi kwa kila mtu, na kama kuna aliyestahili kupita wa kwanza ni Sony.

Lakini Sony sasa walikuwa na mguu mmoja kwenye nyimbo. Watu wa mashine walitaka kifaa kinachomeza faili yoyote. Watu wa muziki waliogopa wizi. Septemba 1999 walitangaza Walkman yao ya kwanza ya kadi ya kumbukumbu. Ilikuwa ndogo na ya kupendeza, na haikukubali MP3. Ilibidi kila wimbo ugeuzwe kuwa muundo wa Sony wenyewe, kwa programu yenye kufuli kila mahali. Siku chache baadaye, Oktoba 3, Morita akafa kwa nimonia hospitalini Tokyo, akiwa na miaka 78. Kifaa hicho kilifika madukani Desemba, hakumwona mnunuzi wake hata mmoja.

Siku mbili baada ya kifo hicho Steve Jobs alipanda jukwaani California kutangaza kompyuta mpya. Kabla ya biashara akaweka picha ya Morita kwenye skrini na kumshukuru. Walikuwa wanajuana. Jobs alikuwa amemtembelea Japani, akamuuliza mbona wafanyakazi wote wa Sony wanavaa sare, Morita akamweleza kwamba baada ya vita watu hawakuwa na nguo, ikabidi kampuni ziwape. Zile jaketi za Sony zilibuniwa na Issey Miyake, ambaye ndiye aliyekuja kumshonea Jobs zile sweta nyeusi za shingo ndefu unazoziona kwenye kila picha.

Oktoba 23, 2001, mtu huyo wa sweta akatoa iPod. Nyimbo 1,000 mfukoni, dola 399, na ilikubali MP3. Apple hawakuwa na kampuni ya muziki ya kulinda. Creative wa Singapore walilalamika kwamba wao walitangulia na mpangilio wa menyu uliigwa, wakashtaki, na 2006 Apple wakawalipa dola milioni 100 mambo yaishe. Microsoft wakajaribu na Zune mwaka huo huo, wakaaibika. Sony walikubali MP3 moja kwa moja kwenye Walkman zao mwishoni mwa 2004. Miaka mitano imepita, soko limeenda.

Kisha simu yako ikaja ikawameza wote. Mei 2022 Apple walitangaza kwamba hawatengenezi iPod tena. Ukienda Tokyo leo, dukani kwa Sony, Walkman bado inauzwa, ya dijitali, ndogo, inakula MP3, na ina tundu moja la hedifoni.